Baiskeli za Sista Barazani Kwangu

Nilipotoka eda, kitu cha kwanza nilichonunua mjini hakikuwa nguo wala chakula. Kilikuwa baiskeli mbovu yenye magurudumu madogo, imeshikwa kutu hadi kwenye kengele. Sikuwa najua kupanda baiskeli.

Mume wangu alikuwa dereva wa magari makubwa ya kujenga barabara, Myao wa Tunduru. Mimi ni mtu wa Pangani niliyeletwa Songea na ualimu nikiwa msichana, nikafundisha sayansi kimu, kushona na kupika, mpaka nikastaafu. Tulijenga Mjimwema, hukohuko Songea. Tulipata mtoto mmoja wa kiume, na sasa anaishi Dar es Salaam na mkewe. Mume alipofariki watu walijaa uani hadi barabarani. Hitima ilipokwisha, mashemeji wakarudi Tunduru, mwanangu akarudi kazini, na nyumba ikabaki na mimi.

Majirani zangu ni Wangoni na Wamatengo, Wakatoliki karibu wote, na sina neno baya juu yao. Wakati wa eda walikuwa wakinichotea maji na kuniachia mboga dirishani. Lakini kila mtu ana nyumba yake. Wao wana jumuiya yao na Misa yao, wana ndoa na vipaimara vya kushughulikia, na mimi walinialika pale ilipofaa kualikwa. Nilikuwa nikisikia wanavyocheka upande wa pili wa ua, kwa Kingoni, na baada ya miaka yote ile nilielewa nusu tu ya kilichowachekesha.

Siku hiyo nilikwenda sokoni kutafuta masufuria. Kando ya wauza mitumba kulikuwa na baiskeli zilizoshushwa kutoka kwenye kontena, zimelazwa moja juu ya nyingine kama kuni. Katikati yake niliiona. Bomba lake la katikati lilishuka chini kabisa, karibu na pedali, hivi kwamba mtu angeweza kupita na dera lake bila kulikunja. Mbele ilikuwa na chuma cha kuwekea kikapu. Nilikumbuka kwamba miaka yangu ya mwanzo huku nilimwona mtawa mmoja wa Kizungu, mama mtu mzima, akipita juu ya baiskeli ya namna ile amenyooka mgongo kama aliyeketi kwenye kiti cha sebuleni. Watu wa Songea mpaka leo wanaziita baiskeli za sista.

“Mama, hiyo ni ya mtoto,” muuzaji aliniambia. “Chukua hii kubwa, itakubebea hata gunia.”

“Sina gunia la kubeba,” nikamjibu. “Goti langu halitaki kuruka bomba.”

Aliniangalia, akaivuta kutoka chini ya zile nyingine, akaipangusa kwa mkono. Tairi zote mbili zilikuwa zimepasuka. Niliikokota mpaka Mjimwema ikilia kwa kila mzunguko. Njiani watu walinisalimia na kunipa pole, na sikujua kama ni pole ya msiba au ya baiskeli.

Nyumbani niliitandikia mkeka barazani. Mume wangu aliacha sanduku la spana, zikiwa zimepangwa kwa ukubwa, kila moja imefungwa kitambaa. Sikuwahi kulifungua alipokuwa hai. Sikuwa na sababu. Sasa nilikaa chini na kuanza kufungua baiskeli nati moja moja, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wasichana kufumua gauni la zamani: unafumua polepole, kila kipande unakiweka mahali pake, na hukati uzi usioujua kazi yake. Kutu niliisugua kwa majivu na ndimu, penye ugumu nikatumia mafuta ya taa na brashi ya waya. Chini ya kutu kulikuwa na rangi ya kijani, kijani cha majani ya mgomba, na nilipoifikia nilikaa nikiitazama.

Nilikuwa nimepata kazi. Hilo ndilo lilikuwa jambo kubwa. Asubuhi niliamka nikijua ninaamkia nini.

Gurudumu la nyuma lilikuwa na gia zilizofichwa ndani, tumboni mwa gurudumu, nazo zilikuwa zimeganda. Nilijaribu grisi, zikazidi kuganda. Halafu nikakumbuka mafuta ya cherehani. Niliyatia matone machache kwenye tundu dogo, nikayaacha yaingie. Kesho yake nilipozungusha nikasikia mlio mwepesi, tiki tiki tiki, kama saa ya ukutani inayoanza kutembea. Nilitaka kumwambia mtu. Nilitoka hadi kwenye ua, jirani alikuwa anaanika mahindi.

“Gia zimefunguka,” nikamwambia.

“Ee, Mwalimu, hongera,” akasema kwa upole, akaendelea kuanika. Hakujua ninazungumzia nini, na hakukuwa na sababu ya yeye kujua.

Tairi ndizo zilizonitesa. Nilipeleka rimu moja mjini kwa fundi baiskeli anayekaa karibu na stendi, mtu mpole asiyependa maneno. Alileta tairi ya baiskeli ya watoto, imeandikwa kipimo kilekile cha inchi ishirini. Haikuingia. Tulivuta, tukaipaka sabuni, tukaisukuma kwa vijiko vya tairi. Haikuingia.

“Imeandikwa ishirini,” nikasema.

“Na rimu ni ishirini,” akasema. Tulizitazama zote mbili kama watu wanaosuluhisha ndugu waliogombana.

Tulikuja kugundua kwamba ishirini hizo ni mbili, ya kizamani na ya sasa, na ya kizamani ni kubwa kidogo. Tairi zake huku hazipo tena. Ikabidi tuweke rimu za baiskeli ya watoto na kufunga spoku upya. Rimu zilipokuwa ndogo, breki hazikuzifikia. Tukatafuta breki zenye mikono mirefu zaidi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba kwenye baiskeli ya zamani huwezi kurekebisha kitu kimoja. Ukigusa hiki, kile nacho kinadai.

Ilipokamilika, nilijifunza kupanda kwenye uwanja wa mpira, asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Nilianguka mara nyingi, lakini baiskeli ikiwa fupi unaanguka karibu. Siku moja nilikwenda hadi goli la pili bila kugusa chini. Upepo wa kiangazi ulikuwa mkali, ule baridi wa Songea unaowaliza watu wa pwani, na machozi yalinitoka. Sikutofautisha ya baridi na ya kitu kingine.

Habari zikafika Tunduru. Shemeji yangu mkubwa alikuja kunijulia hali, akaona baiskeli barazani, na sasa zilikuwa mbili, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kununua nyingine. Alikunywa chai yote kabla ya kusema.

“Shemeji, watu wanasema unapanda baiskeli.”

“Napanda.”

“Marehemu alikuwa na heshima zake hapa mjini.”

“Alikuwa nazo,” nikasema. “Na anazo bado. Mimi naenda nayo sokoni tu, shemeji.”

Alitazama sanduku la spana lililokuwa wazi kwenye mkeka. Nadhani alilijua; labda waliwahi kulitumia pamoja. Aliinama, akachukua spana moja, akaizungusha mkononi, akairudisha mahali pake hasa.

“Basi funga kitambaa kichwani vizuri,” akasema. “Upepo wa huku mkali.”

Hakulizungumzia tena. Nilimsindikiza stendi, na basi lilipoondoka nikajisikia vibaya kuliko kabla hajaja. Mgeni akiondoka ndipo unapojua nyumba ina ukubwa gani.

Baiskeli ya tatu ilitoka Maposeni. Fundi wa karibu na stendi ndiye aliyeniambia kwamba kule kuna mzee mkulima anayo moja, kuku wanalala juu yake. Nilipanda gari la kwenda Peramiho, nikashuka njiani, nikaulizia. Ilikuwa baada ya mavuno, mashamba yamebaki mabua matupu, na nyumba ya mzee ilikuwa nyuma ya rundo la magunzi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kiti.”

Nilimweleza shida yangu. Alisikiliza, akasimama, akanipeleka hadi kwenye banda. Ilikuwepo kweli, ya bluu chini ya kinyesi cha kuku, imeegemezwa ukutani, na kwenye keria yake kulikuwa na kuku amelalia mayai. Mzee alisema ilikuwa ya marehemu mke wake. Alikuwa mpishi wa watawa, na alipozeeka wakampa.

“Alipoondoka yeye,” mzee akasema, “mimi sikuweza kuipanda. Fupi. Na kuiuza sikuweza. Basi kuku wakaichukua.”

“Nikiichukua mimi, itatembea tena,” nikamwambia. “Lakini ukisema ibaki, ibaki.”

Aliweka mkono juu ya hendeli. Mimi niliijua hali ile, nilikuwa nayo nyumbani. Kisha akamwinua kuku taratibu kwa mikono miwili, akamhamishia kwenye kikapu pamoja na mayai yake.

“Chukua. Ikishapona, ipitishe hapa niione.”

Nilimwachia sukari na majani ya chai niliyokuwa nimekuja nayo, naye akanifungia mahindi makavu, na tukaagana.

Ile ya bluu ndiyo iliyoniletea rafiki.

Alikuja mwenyewe, mchana, akiwa amesikia sokoni kwamba Mjimwema kuna mwalimu anayefufua baiskeli fupi. Alikuwa fundi cherehani wa Matogoro, mwanamke wa umri wa kama arobaini na kidogo, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi na mwembamba tangu alipougua polio utotoni. Alitembea ameshika goti kwa mkono, na kila hatua ilimwinamisha. Kutoka kwao Matogoro hadi mjini alikuwa akilipa bodaboda, na siku asipokuwa na kazi ya kutosha alikaa nyumbani tu.

Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akapumua, akaitazama baiskeli ya bluu iliyokuwa bado vipande vipande.

“Mwalimu,” akasema, “mimi ninaweza kupanda?”

Ningeweza kusema ndiyo, inshallah, kama watu wanavyosema ili mtu aondoke na moyo mzuri. Nilimwambia sijui. Nilimwomba anionyeshe mguu, naye akanionyesha bila aibu, nikaupima kwa futi yangu ya kitambaa kama ninayempima mtu suruali. Tukacheka wote wawili, kwa sababu yeye naye kazi yake ilikuwa hiyohiyo.

“Kiuno hujapima,” akasema.

Nilimweka juu ya ile ya kijani, nikamshikilia. Kiti kikishushwa ili mguu mfupi ufike, mguu mzima unakunjamana hadi goti linagonga kifua. Kikipandishwa, mguu mfupi unaning'inia hewani. Ikawa wazi kwamba kinachotakiwa kubadilika ni pedali. Tulikaa barazani hadi alasiri tukichora ardhini kwa kijiti. Sikuwa nimekaa na mtu hadi alasiri tangu msiba.

Kazi ile ilichukua majuma. Fundi wa stendi alinitafutia mkono mfupi wa pedali kutoka baiskeli ya mtoto, ili mguu wa kushoto uzunguke duara dogo. Kuutoa ule wa zamani ilikuwa vita: unashikwa na kabari ndogo ya chuma, na kabari yenyewe ilikuwa imekaa pale tangu enzi za mpishi wa watawa. Tuliipiga, tukaimwagia mafuta, tukaipasha moto, mwishowe fundi akaitoboa katikati, ikatoka vumbi. Kisha nilichonga gogo dogo la mninga, nikalichimba kwa umbo la kiatu chake, nikalifunga juu ya pedali, na juu yake nikaweka mkanda wa tyubu ya kushikilia mguu.

Siku ya kwanza ya kulijaribu lilimwaibisha. Kila alipoinua mguu, gogo lilipinduka kwa uzito wake na kukaa kichwa chini. Alikanyaga hewa, akayumba, nikamdaka.

“Linanikataa,” akasema. Hakulia, ila alishuka na kwenda kukaa kwenye ngazi, akawa anaangalia milima.

Nilikaa na pedali ile peke yangu siku nyingi. Nilikuwa nikila nayo chakula, imewekwa mezani mbele yangu mahali alipokuwa akikaa mume wangu. Ni hapo mezani nilipoona kwamba tatizo lilikuwa uzito kukaa juu. Nikatafuta kipande cha chuma kizito, nikakifunga chini ya pedali. Nikaizungusha kwa kidole. Gogo likazunguka, likayumba, likarudi kukaa juu lenyewe, kama mtoto anayejifunza kuketi.

Alipojaribu tena, tulikuwa kwenye uwanja uleule wa mpira. Nilikimbia kando yake nimeshika kiti, kisha nikachoka, nikaachia, naye hakujua kwamba nimeachia. Alizunguka uwanja mzima. Aliporudi kwangu uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, na jambo alilosema lilikuwa hili:

“Mwalimu, sijawahi kwenda mbio.”

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mtu anaweza kufika umri ule na asijue mbio ni nini.

Tulimpelekea mzee wa Maposeni, kama alivyoomba. Tulipakia baiskeli zote mbili, ya kijani na ya bluu, juu ya gari la Peramiho, tukashushwa kwenye njia yake, tukaingia tukiwa tumepanda. Rafiki yangu alikuwa mbele. Mzee alikuwa akipukuchua mahindi. Aliinua kichwa akaona baiskeli ya mkewe inakuja kati ya mabua, imepakwa rangi upya lakini bluu ileile, na juu yake kuna mwanamke amefunga kitambaa kichwani. Alisimama, punje za mahindi zikamwagika kutoka mapajani mwake.

Rafiki yangu alizunguka ua mara mbili, akasimama mbele yake, akamwamkia. Mzee alijibu kwa Kingoni. Wakazungumza kwa lugha yao, nami nikasimama pembeni nimeshika hendeli, nikidaka neno hapa na neno pale. Kisha mzee akaingia ndani ya nyumba na hakutoka kwa muda.

“Amesemaje?” nikauliza.

“Amesema marehemu alikuwa akipiga kengele akifika pale kwenye mwembe mdogo. Ili mzee aweke maji ya chai motoni.”

Mzee alipotoka alikuwa amenawa uso. Alituletea viazi vitamu, tukala.

Baada ya hapo ulikuwa mwaka wangu mzuri. Jumapili, Misa ikiisha, rafiki yangu alikuwa anashuka na ile ya bluu kutoka upande wa Matogoro, na kwa sababu njia ile inateremka alikuwa akifika amepeperushwa kitambaa. Alikuja na kitambaa cha kushona au na mahindi mabichi. Mimi nilipika wali wa nazi nilipoweza kupata nazi nzuri. Tulikuwa tukitengeneza baiskeli nyingine pamoja, yeye akishona vifuniko vya viti kwa vipande vya vitenge na vikapu vya turubai. Watu walianza kuja. Mkunga mmoja alitaka keria ndefu ya kuwekea mkoba wake. Mama muuza maandazi alitaka mbele pakae ndoo mbili. Kwa ajili ya kilima cha Matogoro tulibadilisha gia ya nyuma, tukaweka yenye meno mengi, na siku hiyo tulipanda hadi kwao bila kushuka, polepole kiasi kwamba mbuzi walitupita.

Nilimpenda kama ndugu. Sikumwambia. Kwetu Pangani hatuambiani hivyo, na nadhani hata Matogoro hawaambiani.

Ilikuwa mwanzoni mwa mvua aliponipa habari. Tulikuwa barazani, maji yanatiririka kwenye mfereji wa bati.

“Nimepata kazi Namtumbo,” akasema. “Kuna kikundi cha akina mama wanataka mtu wa kuwafundisha wasichana wao kushona. Wanatoa na chumba.”

“Wamekujuaje?”

“Yule mkunga ni wa kule. Aliwaambia.” Alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa kilichokuwa mapajani. “Niliwaambia kwanza kwamba nina mguu hivi. Wakauliza, unaweza kutembelea vijiji? Nikasema ninaweza, nina baiskeli.”

Nilimpa hongera, na hongera ilikuwa ya kweli. Nilijua vilevile, hapo hapo, kwamba ni mikono yangu iliyomfungulia mlango huo. Sikujuta. Lakini mkono ukifungua mlango haimaanishi kwamba moyo umejiandaa kwa upepo utakaoingia.

Alisafiri asubuhi ya manyunyu. Baiskeli ilifungwa juu ya basi, nami nilikuwa nimemfungia kwenye mfuko tyubu za akiba, solusheni na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani.

“Utakuja?” akaniuliza dirishani.

“Nitakuja, inshallah.”

Mwanzo alipiga simu kila Jumapili. Halafu ikawa anapiga akipata nafasi, na nafasi zake zilikuwa chache kwa sababu siku zake zilikuwa zimejaa kazi, jambo ambalo ndilo nililomwombea. Niliendelea na kazi. Lakini sikuweza kuvumilia Jumapili. Nilikuwa ninapika wali uleule kwa kipimo kilekile, ukibaki nampelekea jirani. Mwanangu naye alipiga simu, akaniambia nihamie Dar es Salaam, wana chumba.

“Baiskeli zangu nitaziweka wapi?” nikamuuliza.

“Mama, baiskeli si sababu.”

“Basi sina sababu,” nikasema. “Ila siji.”

Akauliza hali ya hewa.

Mvua zilipokwisha nilikwenda Namtumbo. Sikumwambia siku, nilitaka nimshangaze, au labda niliogopa angesema ana kazi. Niliulizia mafunzo ya kushona, nikaelekezwa hadi kwenye jengo la tofali lenye madirisha mapana. Cherehani zilikuwa zinaunguruma. Yeye alikuwa katikati ya wasichana, ameshika mkasi, anaeleza jambo, na wote wanamsikiliza. Aliponiona alinikumbatia mbele yao wote, akawaambia, “Huyu ndiye mwalimu wangu.” Wakaniamkia kwa pamoja.

Tulikula mchana chumbani kwake. Chumba kilikuwa safi na chembamba. Aliniambia habari za wasichana, za vijiji anavyokwenda, za mwanamume mmoja mjane anayeimba kwaya ambaye amekuwa akimletea kuni. Alinionyesha baiskeli. Ilikuwa imechakaa kwa kazi, vumbi hadi kwenye kengele. Gogo la mninga halikuwepo. Mahali pake palikuwa na kiatu cha chuma kilichochomelewa vizuri, chepesi, kisichohitaji uzito wa chini.

“Lile lilipasuka kwa mvua,” akasema. “Kuna mchomeleaji hapa, akanitengenezea hiki. Umekasirika?”

“Ni kizuri kuliko langu,” nikasema, na ndivyo kilivyokuwa. Nilikizungusha kwa kidole. Kilizunguka bila kuyumba.

Aliuliza kama nitalala. Nilimwona akitazama kitanda kimoja na mkeka, akipanga kichwani yeye atalala wapi, na kesho yake alikuwa na safari ya kijijini asubuhi. Nikasema nitarudi na basi la alasiri. Alinisindikiza amepanda baiskeli polepole, mimi natembea kando. Tulipofika barabarani wanafunzi wake wawili walimsimamisha kuhusu kola isiyokaa, akawa anawaeleza kwa mikono, na basi likaja kabla hajamaliza. Tuliagana kwa haraka.

Njia nzima ya kurudi nilikaa dirishani. Miombo ilikuwa imeanza kukauka, moshi wa mashamba yanayosafishwa ulikuwa umelala juu ya mabonde. Sikuwa na huzuni kali. Ile kali naijua, ya msiba. Hii ilikuwa ya kawaida, kama ubaridi unaoingia nyumba yenye milango mizima. Nilifurahi kwa ajili yake na nilikuwa peke yangu, na mambo hayo mawili yalikaa pamoja kwenye kiti kimoja bila kusukumana.

Nilifika Mjimwema jua linazama nyuma ya paa. Nilifungua mlango, nikawasha jiko la mkaa nikaliweka barazani lipate moto, nikakaa kwenye kigoda kati ya baiskeli. Jirani alikuwa akikusanya nguo kutoka kwenye kamba.

“Mwalimu, umerudi. Safari ilikuwaje?”

“Nzuri, alhamdulillahi.”

“Mwenyeji wako hajambo?”

“Hajambo. Ana kazi nyingi.”

“Haya, tumshukuru Mungu,” akasema. Alikunja nguo ya mwisho, akaingia ndani. Mkaa ulikuwa bado haujashika, nikaupepea.